Cheti cha Kutokuwa na Nakala

Mambo haya yalitokea mbali sana na hapa, katika Jamhuri ya Tutaona. Msomaji akihisi kwamba ofisi hii anaifahamu, au kwamba amewahi kumpigia saluti bosi huyu, basi macho yake yamechoka, akapumzike. Mimi nasimulia nilivyosikia tu, na kwa viongozi wa Tutaona nina heshima zote wanazozidai.

Katika nchi hiyo kuna Idara ya Visima, Mabwawa na Matone. Kazi ya Kitengo cha Matone haijajulikana mpaka leo, lakini kina naibu mkurugenzi na madereva wawili. Kitengo cha Visima kilikuwa chini ya Bwana Zuberi Mkangara, mtu mwembamba, msafi, mwenye kalamu tatu mfukoni mwa shati, na mwenye wivu. Wivu nautaja mapema tusije tukalaumiana mbele ya safari. Hakuwa mwizi, hakuwa mlevi, wala kazi haikumshinda. Alikuwa na kijicho tu, tena kwa mtu mmoja: Bwana Sefu Nyamka, mkuu wa Kitengo cha Mabwawa, ambaye ofisi yake ilitazamana na ya Zuberi mlango kwa mlango.

Waliajiriwa siku moja, kwa barua zilizopigwa na taipureta moja. Nyamka alipopewa kiti cha magurudumu, Zuberi aliumwa mgongo wiki mbili. Nyamka alipowekewa pazia, Zuberi aligundua kwamba jua la ofisini kwake lilikuwa likimuua taratibu kwa miaka yote ile. Nyamka mwenyewe hakuwa na neno na mtu. Alikuwa mnene, mcheshi, akiwasalimu hata wafagizi kwa majina ya watoto wao, na hilo nalo lilimkera Zuberi. Mtu anapendwaje hivyo bila maombi ya maandishi?

Lakini kulikuwa na kitu kimoja ambacho Zuberi alikuwa nacho na Nyamka hakuwa nacho. Kitu hicho kiliitwa Daftari la Visima. Kwa miaka tisa Zuberi alizunguka nchi nzima, kijiji kwa kijiji, akaandika kila mahali kuna watu wangapi, wanafuata maji umbali gani, na kisimani wanagombania nafasi na nani, ng'ombe au nyani. Vijiji mia nne thelathini na kimoja. Kisha akavipanga kwa kiu: chenye kiu kuliko vyote namba moja, kinachofuata namba mbili, mpaka mwisho. Tutaona ilikuwa na mtambo mmoja tu wa kuchimba visima, na mtambo huo, uliokuwa mbovu tangu uzinduliwe, sasa ulikuwa umetengenezwa. Siku ya Kisima, Zuberi angesimama jukwaani mbele ya Waziri wa Maji na Mengineyo, asome orodha, na mtambo ungeondoka pale pale kuifuata.

Kwamtindo, kijiji cha mama mkwe wake, kilikuwa namba nne. Hapakuwa na upendeleo. Kilistahili. Wanawake wa Kwamtindo walikuwa wakichota tope na kukaa pembeni kulisubiri lituame.

Daftari hilo lote lilikaa ndani ya laptopu moja ya serikali, nayo ilikuwa taabani. Bawaba ya kushoto ilikatika, kioo kikasimama kwa msaada wa kamba ya viatu. Betri ilidumu dakika kumi na moja. Feni yake ilivuma mpaka wageni wakadhani kuna mtu anasaga mahindi chumba cha pili. Siku ilipoanza kugonga tumboni, ko, ko, ko, Zuberi alimwita Fundi Tabu, dada wa makamo aliyekuwa fundi pekee wa Idara nzima.

Fundi Tabu aliinama, akaweka sikio juu ya kibodi.

"Mzee Zuberi, hiyo ni diski," alisema. "Inakwenda. Ni leo au ni mwezi ujao, siwezi kukudanganya, lakini inakwenda. Hamisha kazi yako sasa hivi, tukiwa bado tunaongea."

Zuberi akaleta flashi, Daftari likanakiliwa, na flashi ikakaa mfukoni mwa shati pamoja na zile kalamu tatu. Angeishia hapo, nisingekuwa na cha kusimulia, na Kwamtindo wangekuwa wanakunywa maji.

*

Yapasa nieleze kwamba katika Tutaona kifaa cha serikali hakiharibiki. Kikiharibika, aliyekuwa nacho amekihujumu. Kifaa cha serikali kinafariki, tena mbele ya mashahidi, na kazi ya kushuhudia ni ya Bodi ya Kuthibitisha Vifo vya Mitambo, yenye wajumbe saba na bajeti ya vitafunwa.

Wiki ile ile tangazo lilibandikwa ukutani: mwaka huu Idara itapata kompyuta mpakato mpya moja. Moja tu. Wenye mashine zinazoumwa wajaze Fomu ya Uchungu. Zuberi alilisoma mara mbili, akageuka, akamwona Nyamka nyuma yake analisoma pia.

"Ndugu yangu," Nyamka alisema kwa furaha, "kumbe na yako inaumwa? Yangu nayo jana imezimika yenyewe mara nne!"

Mara nne! Zuberi alihisi kitu kinampanda kifuani. Ya kwake ilikuwa imezimika mara mbili.

Fomu ya Uchungu ilikuwa na sehemu tatu na alama mia. Umri wa marehemu mtarajiwa, alama ishirini. Dalili zilizothibitishwa na Bodi, alama thelathini. Na swali la mwisho, lenye alama hamsini kamili: Taifa litaumia kiasi gani kazi iliyomo ikipotea? Chini yake, kwa herufi za kusomwa na wenye macho ya kijana, paliandikwa: mwombaji mwenye nakala ya kazi yake mahali pengine hana uchungu, na asiye na uchungu hahitaji kompyuta.

*

Bodi ilikuja siku ya Jumanne, ikiongozwa na Mkurugenzi Mkuu mwenyewe, Mheshimiwa Daktari Gidioni Pazi. Udaktari wake ulikuwa wa heshima. Alipewa na chuo alichokizindua, kabla hakijafungwa.

"Ndugu wajumbe," Mkurugenzi alisema akiwa amesimama katikati ya ofisi ya Zuberi, mikono nyuma, "kompyuta ni mtumishi wa umma. Na mtumishi wa umma hafi kwa maneno ya majirani. Tunataka tuone kwa macho yetu, tusikie kwa masikio yetu, na pale itakapobidi, kwa maslahi mapana ya taifa, tunuse."

Wajumbe walipiga makofi. Zuberi akabonyeza kitufe.

Asubuhi ile laptopu ilikuwa imekataa kuwaka mara tatu. Sasa, mbele ya Bodi, iliwaka kama imetoka dukani. Feni ilinyamaza. Diski haikugonga. Hata ule wimbo wa kukaribisha, uliokuwa umepotea miaka miwili, ulisikika wote, mwanzo hadi mwisho. Mjumbe mmoja akausindikiza kwa mguu.

"Hii ni nzima kuliko mwenyewe," Mkurugenzi alisema, na wajumbe wakacheka kwa mujibu wa vyeo vyao.

Bodi ikavuka ukumbi, ikaingia kwa Nyamka. Zuberi alisimama mlangoni akachungulia. Nyamka akabonyeza. Mashine yake iliwaka, ikatetemeka, ikatoa harufu ndogo ya kuungua, ikafumba kioo chake taratibu. Kifo kizuri, cha heshima. Katibu wa Bodi alivua kofia. Mjumbe wa Kitengo cha Matone alitokwa na machozi, na kwa kuwa ndiyo yalikuwa matone ya kwanza ya kitengo hicho, yalirekodiwa.

"Alama thelathini kwa thelathini," Mkurugenzi alitamka.

Hebu fikiria, mtu mzima, baba wa watoto watatu, anamwonea mwenzake wivu kwa kuharibikiwa. Lakini ndivyo ilivyokuwa. Zuberi alirudi kitini pake, akaitazama laptopu yake iliyokuwa ikiwaka kwa afya tele, akaichukia. Kwa nini vya Nyamka hata kufa vinakufa vizuri? Alipokunja ngumi mezani, diski ikaanza tena. Ko, ko, ko.

*

Kesho yake akaenda kwa Katibu wa Bodi kuulizia.

"Bwana Nyamka yuko mbele sana," Katibu alimnong'oneza. "Ana hadi Cheti cha Kutokuwa na Nakala."

"Nyamka hana nakala ya mabwawa yake?"

"Nakala ataitoa wapi, Mzee? Yule hajui hata flashi inaingilia upande gani. Uvivu wake mwenyewe, lakini sheria haibagui. Ana hamsini zote za uchungu. Wewe ukihojiwa una flashi mfukoni, unapata sifuri."

Flashi ile ilikuwa nyepesi, lakini siku ile Zuberi aliisikia ikimwelemea kifuani. Miaka tisa alijituma, akanakili kazi yake kama mtu mwenye akili, na malipo yake ni sifuri. Nyamka alizembea, akapata hamsini. Nani asingeumwa?

Cheti kilitolewa dirisha namba sita. Nyuma ya dirisha palikuwa na karani, jiwe, na nyundo ya serikali yenye nambari ya usajili.

"Una nakala ngapi?" karani aliuliza bila kuinua macho.

"Moja."

"Ilete tuiondoe. Iweke hapo juu ya jiwe. Hapana, Mzee, mimi sipigi. Piga mwenyewe. Serikali hailazimishi mtu."

Zuberi aliishika nyundo. Nitakuwa nimemsingizia nikisema hakusita. Alisita. Aliwaza Daftari, akawaza tope la Kwamtindo. Kisha akawaza Nyamka amekaa kwenye kiti chake cha magurudumu, nyuma ya pazia lake, mbele ya kompyuta mpya, akimwita "ndugu yangu". Akapiga mara tatu. Ya tatu haikuwa ya lazima, flashi ilikuwa imeshakuwa unga.

Cheti kilikuwa kizuri, chenye kibandiko cha rangi za bendera. Alikipeleka nyumbani, akamwonyesha mkewe, Siwema, ambaye alikisoma akiwa amesimama na mwiko mkononi.

"Baba Chausiku, sijaelewa," Siwema alisema. "Ulikuwa na Daftari sehemu mbili, sasa unalo sehemu moja, na hiyo sehemu moja inaumwa. Halafu wamekupa cheti."

"Ni mkakati, Mama Chausiku."

"Mkakati! Mama yangu anakunywa tope, wewe una mkakati." Alikigeuza cheti, akatazama nyuma yake kama kuna maelezo zaidi. "Na huyo Nyamka, mbona kila ninapolisikia jina lake, kuna kitu cha kwetu kimeshavunjika?"

Zuberi alikuwa ameshaanza kutafuta msumari wa kukitundikia.

*

Kwa desturi ya Idara, waombaji walichagua kompyuta kabla ya kujulikana nani atapewa, ili anayeshindwa ajue vizuri alichokikosa. Fundi Tabu alimletea Zuberi kitabu cha picha, akakaa naye mezani.

"Mzee, kazi yako ni majedwali na safari za vijijini," Tabu alisema. "Chukua hii. Nyepesi, betri inakaa kutwa nzima, na diski yake haina kinachozunguka ndani, hata gari likiruka kwenye mashimo haina habari."

"Kioo chake inchi ngapi?"

"Kumi na tatu."

"Nyamka kaandika ngapi?"

Fundi Tabu alivua miwani. "Kumi na tano na nusu."

"Andika kumi na saba."

"Kumi na saba haiingii kwenye begi lako, Mzee."

"Begi linanunuliwa. Na hii yenye taa nyekundu chini ya vibonye?"

"Hiyo ni ya vijana wanaocheza michezo ya vita. Inakula umeme hiyo, betri haimalizi hata kikao."

"Nyamka kaweka taa?"

"Hakuweka."

"Andika taa."

"Mzee Zuberi, niambie ukweli. Unachagua kompyuta, au unachagua sura ya Mzee Nyamka siku atakapoiona?"

Zuberi alifikiri kwa uaminifu kabisa. "Vyote viko kwenye fomu moja," alisema.

Tabu akaandika taa. Alipoinuka aliisikia laptopu ya mezani ikigonga, akasimama. "Daftari umeshalihamisha lote, sivyo?"

"Limo," alisema Zuberi, na mkono wake ukagusa mfuko wa shati, ukakuta kalamu.

"Kama bado, nipe nusu saa tu."

Nusu saa! Lakini mwenye cheti akikutwa na nakala alishtakiwa kwa kosa la kujipunguzia uchungu kwa hila, na fomu yake ilichanwa. Zuberi aliuangalia mlango wa ng'ambo. Nyamka alikuwa anaimba.

"Kesho," alisema.

*

Kikao cha mwisho cha Bodi kilifanyika kwa Zuberi. Umri wa mashine zao ulilingana, uchungu wao ulilingana. Zilibaki zile alama thelathini za dalili, ambazo Nyamka alikuwa nazo mkononi. Laptopu ya Zuberi ilitakiwa ife leo, mbele ya wajumbe saba, la sivyo ya Nyamka ndiyo irithiwe.

Zuberi alibonyeza kitufe huku akiiomba moyoni ife. Ikawaka. Si kuwaka tu, ilifungua Daftari lenyewe, bila kuombwa mara mbili, ikalitandaza kwenye kioo, namba moja mpaka namba mia nne thelathini na moja. Mkurugenzi aliteremka nalo kwa kidole, safu baada ya safu, bila kusoma hata moja.

"Inateleza vizuri sana," alisema. "Bwana Mkangara, unaisingizia maradhi mali ya umma?"

Nyamka alikuwa mlangoni. Uso wake ulijaa huruma ya kweli. "Pole, ndugu yangu," alisema. "Itakufa tu. Usikate tamaa."

Angecheka, Zuberi angevumilia. Kejeli mtu huirudisha kwa kejeli. Lakini kuhurumiwa na Nyamka, tena mbele ya Bodi! Damu ilimchemka mpaka masikioni. Aliinyanyua laptopu kwa mikono miwili, juu ya kichwa, akasema anataka kuwaonyesha wajumbe hali ya tumbo lake. Ikamponyoka.

Mimi sikuwepo. Wajumbe saba walikuwepo, na wote saba waliandika kwamba ilimponyoka. Iligonga kona ya kasha la chuma, ikaanguka sakafuni, na Zuberi, katika kukimbilia kuiokoa, akaikanyaga. Kwa miguu yote miwili.

Diski iligonga, ko. Ikagonga tena, ko. Kisha kimya.

"Amekwenda," alisema Katibu.

"Saa ngapi?"

"Saa nne na dakika kumi."

Mkurugenzi aliinamisha kichwa. "Ndugu wajumbe, tumezoea mitambo inayokufa kwa uchovu. Huyu amekufa kazini, mbele yetu, akiwa na afya njema. Huo ni uzalendo." Wakampa Zuberi alama thelathini za dalili na tano za ushujaa wa marehemu. Mia na tano juu ya mia.

Marehemu alizikwa mchana ule ule nyuma ya stoo. Kwa mujibu wa kanuni, diski ya mtambo uliofariki husagwa ili siri za taifa zisivuje, na iliyotumika ilikuwa ile ile nyundo ya dirisha namba sita. Fundi Tabu alisimama mbali kidogo, mikono kichwani, kama mfiwa wa pekee.

Laptopu ya Nyamka, kwa kuwa ilishindwa, haikuzikwa. Siku ya pili Tabu aliifungua, akakuta soketi ya chaja imelegea. Akaikaza, akapuliza vumbi. Mabwawa yote yalikuwemo, hata moja halikupungua.

*

Kompyuta mpya ililetwa na magari mawili, moja la kuibeba na moja la kuisindikiza. Ilikuwa nzito, nyeusi, imejaza meza, na ilipowashwa taa nyekundu zilimulika mpaka dari. Idara nzima ilipita kuitazama. Wa mwisho alikuja Nyamka. Aliizunguka, akaigusa pembeni kwa kidole kimoja, akashusha pumzi.

"Ndugu yangu," alisema, "hii si kompyuta. Hii ni ndege."

Zuberi akamtazama machoni, na humo akakiona. Kile kitu. Alikijua vizuri, amekuwa akikikuta kwenye kioo cha kunyolea kila asubuhi kwa miaka na miaka. Nyamka alikuwa anamwonea wivu! Ilikuwa siku tamu kuliko ya harusi yake, na naomba Siwema asiyasikie haya.

Nyamka alipoondoka, Zuberi alifungua ukurasa mpya. Akaandika juu kwa herufi nene: DAFTARI LA VISIMA. Akaweka namba, moja mpaka mia nne thelathini na moja. Kioo kilikuwa kikubwa na namba zilipendeza. Mbele ya namba hapakuwa na kitu.

Alijaribu kukumbuka. Vijiji vilimjia kwa makundi, kama watu wa sokoni, hakuna aliyekuwa na jina. Hiki kilikuwa na mbuyu ulioanguka. Kile walimpa mayai. Kipi kilikuwa na watu wangapi? Kipi kilikuwa mbele ya kipi? Hofu ilimshika kweli sasa, akatoka mpaka kwa Mkurugenzi ili aungame.

"Mheshimiwa, kuhusu Daftari..."

"Lipo?" Mkurugenzi aliuliza. Mbele yake palikuwa na mwaliko wa Waziri, wenye utepe.

Zuberi aliutazama utepe. Nyuma yake, mlango ukiwa wazi, alimsikia Nyamka akichapa kwa nguvu kwenye mashine yake kuukuu, orodha nzima ya mabwawa, na moyo ukamuuma upya. Angesema halipo, kesho ndege ingekuwa juu ya meza ya nani?

"Lipo, Mheshimiwa," alisema.

Nyumbani Siwema aliuliza swali hilo hilo, akapewa jibu hilo hilo. "Haya," alisema. "Mama anakuja kusikiliza mwenyewe."

*

Siku ya Kisima uwanja ulifurika. Mtambo wa kuchimba ulisimama mbele ya jukwaa, umepakwa rangi mpya, dereva ndani, injini inanguruma. Watu wa vijijini walikuwa wamekuja na ndoo tupu, kwa sababu hotuba za Tutaona ni ndefu na mtu anahitaji pa kukalia.

"Serikali yenu sikivu," alisema Waziri, "imetafakari kiu yenu kwa miaka tisa. Leo kiu hiyo itasomwa kwa utaratibu, kuanzia kubwa hadi ndogo, na wenye ndogo wawe wavumilivu. Bwana Mkangara, soma."

Zuberi aliiweka kompyuta mezani, kioo kikimwelekea yeye mwenyewe. Taa nyekundu zikamwangaza kidevuni, umati ukaguna kwa kustaajabu. Namba moja ilikuwa mbele ya macho yake na pembeni yake hapana neno. Alifumbua mdomo akijua kwamba hana la kusema, ndipo kikamjia kijiji kizima, na kila tarakimu yake.

"Namba moja," alisema, na sauti haikutetemeka. "Mikorogo. Watu mia sita na kumi na wawili. Wanafuata maji kilomita tisa na nusu. Punda kumi na wanne, mmoja kipofu. Kisima cha zamani kilikauka mwaka wa njaa, kina chake futi sabini na mbili."

Alikijua hivyo kwa sababu Mikorogo ni kwao Nyamka. Alipokihesabu mara ya kwanza na kukikuta ndicho chenye kiu kuliko vyote, hakuamini kwamba hata kwa kiu Nyamka amekuwa wa kwanza. Alirudi akakihesabu mara ya pili, akitafuta sababu ya kukishusha, kisha ya tatu. Akapima njia kwa kamba, akahesabu punda mmoja mmoja. Hakupata sababu, akakiandika namba moja kwa uchungu. Uchungu huo ndio uliokuwa umekitunza.

Uwanja ulilipuka kwa vigelegele. Dereva wa mtambo aliandika jina kwenye kiganja. Nyamka alikimbia mpaka jukwaani, machozi yanamtoka, akamkumbatia Zuberi mbele ya Waziri na umati mzima.

"Ndugu yangu," alisema, "ndugu yangu, sitakusahau mpaka kufa. Mama yangu yuko kule."

Zuberi alisimama ndani ya kumbatio hilo, mikono imening'inia. Mstari wa tatu alimwona Siwema, na kando yake mama mkwe wake, bikizee wa Kwamtindo, amekaa juu ya ndoo yake tupu. Alikuwa amenyanyua mkono, anahesabu. Kidole cha kwanza alikuwa ameshakikunja, akabakiwa na vitatu mpaka kijiji chake, na midomo yake ilikuwa inatabasamu.

Kwamtindo walikuwa wangapi? Zuberi hakujua. Alilala kule mara nyingi, alikula kule, alioa kule, na hakukumbuka hata tarakimu moja, kwa kuwa hakuwahi kukionea kijiji kile wivu.

"Vizuri sana," alisema Waziri. "Namba mbili."

Nyamka akashuka. Uwanja ukanyamaza, mpaka ikasikika injini peke yake. Zuberi akakazia macho kile kioo cha inchi kumi na saba, akatafuta moyoni mwake kwa haraka, kama mtu anayepekua mifuko mlangoni, kama yupo mwingine yeyote katika nchi nzima ambaye yeye Zuberi aliwahi kumwonea wivu kiasi kile. Hakumpata. Wivu wake wote alikuwa amempa mtu mmoja.